Wali Ambao Mama Mkwe Hakuuonja

Nina kitendawili, wajukuu zangu, wala msikimbilie kujibu. Niliingia harusini bila kualikwa, nimevaa nyeupe kama wenzangu, nikakaa katikati yao kimya, na hakuna aliyenijua mpaka aliponitafuna. Mimi nani? Kaeni nacho. Jibu mtakutana nalo njiani.

Usiku wa jana niliota nimeolewa upya, na mume ni yuleyule.

Sikushangaa. Niliona tu ni kazi ya kurudia, kama kufua tena nguo iliyoanguka kutoka kambani ikaingia matopeni.

Nimo chumbani kwa wakwe zangu, Ikwiriri, siku ya mwisho ya fungate. Uso wangu ni wa miaka kumi na tisa lakini magoti ni haya haya ya leo, yanalia nikikunja. Somo yangu Bi Chausiku, yule aliyenifunda kabla ya harusi, amenibeba mgongoni, maana bibi harusi hakanyagi chini mpaka siku saba ziishe.

"Somo, nishushe, umechoka," namwambia.

"Nimekubeba miaka arobaini na minne," anasema. "Hizi hatua kumi za kwenda jikoni ndizo zitanishinda?"

Anatafuna muhogo wa kuchoma huku anatembea. Maganda ananipa mimi nishike.

Sasa kabla hatujafika jikoni, niwaambie la kweli, lisilo la ndoto. Mimi kwetu Kisarawe, mtoto wa mihogo. Mchele nilizoea kuuona kwenye shughuli, umeshaiva. Nikaolewa Rufiji, kwa watu wanaolima mpunga, na kwa desturi ya nyumba ile bibi harusi akitoka fungate anapika wali peke yake. Sahani ya kwanza ya mume. Ya pili ya mama mkwe, na hiyo ndiyo yenye hukumu. Marehemu Bi Zamda, mama mkwe wangu, alikuwa ametangaza mapema mbele ya mawifi: "Akinilisha jiwe, anarudi kwao akafundwe upya. Mwaka mzima."

Nilipika. Mume wangu akala sahani ya kwanza, akasema niongeze. Nikaongeza. Akasema niongeze. Akamaliza sufuria yote, na ukoko akaukwangua. Mama mkwe hakupata hata punje. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini: "Kaka mlafi huyu! Kala mpaka sehemu ya mama!" Mimi nikamuuliza pembeni kwa nini amemaliza sufuria nzima. Akavaa ndara zake, akaenda shamba. Swali langu akaliacha pale pale mlangoni, na mpaka jana halijajibiwa.

Mimi nikajijibu mwenyewe. Nikasema, ni utamu. Na kila bibi harusi niliyemfunda nimemsimulia utamu huo.

Haya, turudi ndotoni. Somo ananishusha jikoni. Ungo umekaa kwenye kigoda, umekunja nne.

"Sheria hapa ni moja," unasema Ungo. "Anayechagua mchele hasemi. Kila neno atakalosema linakuwa jiwe."

Maneno hayo nayajua. Somo alikuwa akiniambia hivyo hivyo, nikidhani ananinyamazisha tu, maana nilikuwa msemaji. Natikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Nainama, naanza kuchagua. Mchele mweupe, mwingi, unanitazama.

"Hujambo, bibi harusi?" inasema Sufuria.

Nautazama Ungo. Ungo unatazama ukutani. Sasa mimi nifanyeje? Mtu mzima kanisalimu kwa heshima, nami nimuachie salamu yake hewani? Ndivyo nilivyolelewa Kisarawe?

"Sijambo," nasema.

Jiwe likadondoka kutoka mdomoni mwangu mpaka kwenye mchele. Jeupe, ukubwa wa punje. Likajipangusa vumbi, likasema, "Nimefika." Halafu likatembea likaingia katikati ya punje. Nalitafuta kwa kidole.

"Usijisumbue, bibi," sauti inatoka mcheleni. "Sisi hapa wote tumevaa sare."

Nikainua kichwa, jiko limekuwa darasa la nne. Sikusogea mimi, wala jiko sikuliona likiondoka. Madawati yamepangwa, Ungo uko juu ya dawati la mbele, na ubaoni pameandikwa KUCHAGUA MCHELE, kwa mwandiko mzuri kabisa. Nje mtu anaita, "Mwari!"

"Abee!" Imeshatoka.

La pili likadondoka. Likauliza mwenzake yuko upande gani, likaelekezwa.

"Una adabu sana wewe," inasema Sufuria. "Itakuponza."

Nikaubana mdomo kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, sasa hata aje nani. Basi akaja Bi Zamda mwenyewe. Ametokea ubaoni, kwenye herufi ya mwisho, amejitanda khanga yake ya zambarau. Mkono wa kulia ameunyoosha mbele na unachuruzika maji.

Nikamtazama. Akanitazama. Mama mkwe amesimama mbele yangu, nami nimekaa kimya kama sikufundwa. Nikavumilia. Nikavumilia tena. Mkono wake ukachuruzika.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu."

Mawili kwa mpigo, moja nyuma ya jingine, limeshika shati la mwenzake. Jumla manne.

"Huu mkono," anasema Bi Zamda, "niliunawa siku ile uliposema wali umeiva. Sijaufuta. Nangoja sahani yangu."

Wali ukajipika. Mafiga matatu yalichungulia chini ya sufuria, yakaulizana kama hao wadogo walioingia ni wa ukoo wao. La kushoto likasema yule mmoja amefanana na shangazi.

"Sahani ya kwanza ya mwanangu, ya pili yangu," anasema Bi Zamda. "Nikikuta jiwe, gari lenyewe lile."

Lori la mbao limeegeshwa nyuma ya darasa, karibu na kabati la chaki. Sanduku langu la harusi liko juu. Nanyi nyote mmeshapanda, wajukuu zangu, mnakula karanga. Siwatu, mama yenu mkubwa, kakaa mbele na miwani yake ya kusomea.

"Mama," ananiuliza, "tunaondoka saa ngapi?"

"Na hao wanakwenda wapi?" nikamuuliza Bi Zamda, maana mchele umeshakuwa wali, neno moja zaidi halidhuru.

"Bibi harusi akirudishwa, anarudishwa na vyote alivyopata huku. Watoto, wajukuu, na ile cherehani. Vinapangwa upya kuanzia mwanzo." Akafikiri kidogo. "Kuku nitabaki nao."

Nikaligeukia lori. Nikawatazama mmoja mmoja mlivyokaa juu ya mbao. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mlikuwa mnagombea karanga.

Mume wangu akaingia na baiskeli mpaka katikati ya madawati. Kavaa kanzu ya harusi, umri wake miaka ishirini na mitano, ndevu nyeupe kama alivyo leo. Akaegesha, akanawa, akaketi. Nikampakulia. Napakua kwa pupa, mwiko unasema, "Taratibu, bibi, utanimwaga."

Akatia tonge mdomoni.

Ka!

Darasa zima limesikia. Sufuria imekohoa. Mume wangu ananitazama. Hakukunja uso. Akameza.

"Humu ndani kuna nafasi," likasema jiwe tumboni mwake.

"Niongeze," akasema.

Nikaongeza. Ka! Akameza. "Sogea," likasema la pili. "Niongeze." Ka! La tatu likapita kimya, hilo lilikuwa na aibu. Maji ya mkono wa Bi Zamda yalikuwa yameshafika kwenye vifundo vyetu.

"Nabakiziwa mimi?" aliuliza.

"Wali upo, mama," ilijibu Sufuria, ingawa sauti yake sasa ilikuwa na mwangwi.

"Niongeze," akasema mume wangu, na jasho linamtoka. Nikakomba. Akatia tonge la mwisho, akauma, na safari hii haikuwa ka, ilikuwa kwa! Akashika shavu. Akatoa kitu kwa vidole viwili, akakificha kwenye pindo la kanzu. Halafu akavuta sufuria nzima kwake, akakwangua ukoko.

Bi Zamda akainama, akachungulia. Akaona uso wake tu.

"Umekwisha," alisema.

"Umekwisha," ilisema Sufuria. "Nisamehe, mama."

Akaufuta mkono kwa khanga, polepole, kidole kimoja kimoja. Lori likaondoka tupu. Nanyi mkateremka mkilalamika kwamba karanga zilikuwa za safari.

Nikamwinamia mume wangu. Nikamuuliza lile lile la siku ile: "Kwa nini umemaliza sufuria nzima?"

Akafungua mdomo anijibu. Ikatoka taarifa ya habari.

Nikaamka. Jua limeshapiga dirishani, redio ya sebuleni inasoma habari, na kuna kitu kinanichoma shavu. Nikapapasa mto. Nikakishika, nikakiweka kwenye mwanga.

Kijiwe. Cheupe, ukubwa wa punje ya mchele.

Haya, jibu la kitendawili chenu hilo.

Mume wangu, Baba Siwatu, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anatafuta ndara kwa vidole vya miguu. Nikamwekea kile kijiwe kiganjani. Akakiangalia. Akachukua miwani, akakiangalia tena. Ulimi wake nikauona ukienda kwenye lile jino lililomeguka, lile ambalo miaka yote ameniambia lilimeguka alipoanguka na baiskeli.

"Hili nililitupa uani siku ile," alisema. "Limekawia."

"Yalikuwa mangapi?"

"Manne."

Nikakaa. Niliwakumbuka mabibi harusi wote niliowasimulia utamu wa wali wangu. Mmoja niliwahi kumwambia siri iko kwenye chumvi.

"Sasa uliyajua," nikasema, "uliyasikia kwenye meno, na bado ukawa unasema niongeze, niongeze, mpaka ukoko. Watu wakakuita mlafi mpaka leo. Baba Siwatu, kwa nini ulimaliza sufuria nzima?"

Akavaa ndara moja. Akavaa ya pili. Nikajua anaondoka, kama siku ile. Alifika mlangoni, akashika komeo, akageuka.

"Mama alikuwa ameshanawa mkono," alisema.