Tangulia, Shemeji

Kibowen Sugut alijua kukimbia, hakujua kukaa. Na siku ya koito, siku ya kwenda kuomba mke, kazi ya kijana ni kukaa tu: akae, anyamaze, atazame viatu vyake, huku wazee wa pande mbili wakimjadili kana kwamba ni dume la mnadani. Kibowen alikaa hivyo nyumbani kwa Mzee Tuitoek, nje kidogo ya Iten, magoti yakimcheza. Alikuwa anampenda Jebiwot, binti wa nyumba ile, mpaka usingizi ulikuwa unamkimbia kuliko yeye alivyowakimbia wenzake.

"Mnasema kijana wenu anakimbia," Mzee Tuitoek akasema. "Nani hapa Iten hakimbii? Hata paka wangu anakimbia."

"Huyu anakimbia mita elfu moja mia tano, Mzee," akajibu Mjomba Chemweno, msemaji wa upande wa Kibowen, mtu ambaye mdomo wake haukujua Jumapili. "Hiyo si mbio ya paka."

"Paka wangu hajawahi kushindwa na Mzungu."

Wazee wakaguna chumba kizima, maana hapo pametoneshwa donda. Mbio za masafa ya kati zilikuwa mali ya nyumbani, kama maziwa ya mursik, na sasa kila mashindano ya dunia yanapofika, kijana mmoja wa Ulaya mwenye mashavu mekundu anachomoka kwenye kona ya mwisho na kwenda zake na dhahabu yetu. Katika hoteli zote za chai za Iten hakukuwa na mada nyingine. Kila mtu alikuwa kocha. Muuza mkaa alikuwa na maoni yake juu ya mita mia mbili za mwisho, na asingekupimia mkaa mpaka uyasikie.

Lakini donda la Mzee Tuitoek lilikuwa la peke yake. Enzi za ujana wake aliingia mchujo wa kitaifa mara tatu, na mara zote tatu akawa wa nne, na timu inachukua watatu. Majirani, ambao adabu iliwapita mbali, walimwita Nambari Nne. Ukilitaja jina hilo mbele yake anamaliza chai yake kwa mkupuo mmoja, hata ikiwa inatoka jikoni, halafu anatoka nje kuangalia ng'ombe huku machozi yakimtoka. Hakuna aliyewahi kujua kama ni machozi ya chai au ya nafasi ya nne.

"Mimi nataka kitu kimoja," akasema. "Jezi ya taifa iingie kwa hii boma kabla sijakufa. Kijana wenu akiingia timu kwenye mchujo wa Jumamosi, binti ni wake. Asipoingia, mwende nyumbani salama, mmeshiba."

"Na Kimosop?" Mjomba Chemweno akauliza. Kimosop alikuwa mtoto wa kiume wa nyumba ile, kaka yake Jebiwot, na yeye pia alikuwa anakimbia elfu moja mia tano, mchujo huohuo. Wakubwa wa timu walikwisha kutaja majina mawili. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, ya mshindi wa Jumamosi.

"Kimosop akishinda, jezi imeingia. Kijana wenu akishinda, jezi imeingia. Nimefunga mlango wa mbele na wa nyuma," Mzee akacheka peke yake.

"Lakini Kimosop akishinda, posa je?"

"Posa ya nini tena? Nitakuwa na jezi. Mkwe nitamfanya nini?"

Kibowen alitaka kusema neno, Mjomba akamkanyaga mguu.

Wakaitwa kula chumba cha pili. Hapo mlangoni Kibowen akakutana ana kwa ana na Kimosop, kijana mpole, mrefu kama mti wa bendera.

"Karibu, pita, shemeji," Kimosop akasema.

"Hapana, tangulia wewe, shemeji."

"Mgeni ndiye anapita."

"Kwenu ni kwenu. Siwezi kukupita mlangoni kwa baba yako."

Kijana wa posa hampiti mtoto wa mwenye nyumba mlangoni, hilo hata mtoto wa kunyonya wa huko analijua. Na mtoto wa mwenye nyumba mwenye malezi hamwachi mgeni nyuma, hilo nalo linajulikana. Wakasimama pale wakionyeshana njia kwa mikono mpaka ugali ukaota ngozi. Mjomba Chemweno akawatazama kwa furaha kubwa. "Mmeona?" akawaambia wazee. "Mmeona adabu ya mtoto wetu?"

Mwishoni mama yake Kimosop akatoka jikoni na mwiko, akawasukuma wote wawili kwa pamoja.

Wiki ile Kibowen hakupumua. Mjomba alimjia kwenye kambi ya mazoezi kila jioni na neno jipya. Jumatatu alisema, "Lazima ushinde, la sivyo mke hakuna." Jumatano akasema, "Lakini usimwaibishe shemeji yako mbele ya baba yake. Mkwe mwenye kiburi hazeeki vizuri." Ijumaa Kibowen akamuuliza, "Sasa Mjomba, nishinde ama nisishinde?" Mjomba akafikiri sana, akajibu, "Shinda kwa heshima," akaondoka akijiona amesaidia.

Huko upande wa pili, kama alivyokuja kujua baadaye, mama yake Kimosop alikuwa anamshika mwanawe sikio. "Ukimshinda yule kijana, dada yako atakasirika, na akikasirika atabaki hapa kwangu akinipangia jikoni mpaka nizikwe. Unanisikia?" Kimosop alisikia. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Na Jebiwot mwenyewe? Yeye alikuwa na mchujo wake, mita mia nane, siku hiyohiyo. Lakini goti lilikuwa limemweka nje msimu mzima, na nyumbani hakuna aliyemuuliza habari za mbio. Walimuuliza atashona nguo gani ya harusi. Yeye alikuwa anakwenda mazoezini mapema, anarudi, anakamua ng'ombe, na akiulizwa juu ya nguo anasema, "Ile itakayonifaa."

Jumamosi uwanja wa Nairobi ulijaa. Ukoo wa Tuitoek na ukoo wa Sugut walikaa pamoja, chupa za chai na vibuyu vya mursik miguuni, wakipeana maandazi kwa wasiwasi. Mzee Tuitoek alikuwa amevaa koti lake la kanisani.

Bunduki ya mbio za wanaume ikalia. Na mara, kama kawaida yake, Talam akatoka mbele.

Talam huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiitwa Ulaya kila mwaka kufanya kazi ya sungura, yaani kuvuta wenzake kwa kasi raundi mbili na kitu, kisha kutoka pembeni na kuwaachia wenye majina. Kwenye mchujo hakuna kazi hiyo, hakuna aliyemtuma, lakini mguu ukizoea umezoea. Alikuwa anaingia kila mwaka, anaongoza, anatoka, anakwenda kununua soda. Wote walimjua. Kwa hiyo alipofungua mwanya wa mita arobaini hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. "Mwacheni, anatoka sasa hivi," wakaambiana wakihema.

Mbio zikaenda polepole, kila mtu akimchungulia mwenzake, mpaka kengele ya raundi ya mwisho ikagongwa. Hapo Kibowen akaacha kufikiri. Akachomoka. Miguu ilikuwa myepesi, kifua kilikuwa wazi, na kundi likabaki nyuma kama nguo zilizoanguka kambani. Aliyebaki ubavuni alikuwa mmoja tu, Kimosop. Walipita mita mia mbili, wakaingia kona ya mwisho bega kwa bega, na Kibowen akajua kabisa moyoni kwamba ana nguvu ya kumwacha. Alimwona Jebiwot kichwani, na nyumba yenye mabati mapya, na kuku.

Kimosop akaenda upande wa nje, akamwachia njia ya ndani, akanyoosha mkono wa kulia kama mtu anayefungua pazia.

"Pita, shemeji."

Na mdomo wa Kibowen, bila kumshauri mwenyewe, ukasema, "Hapana, tangulia wewe."

"Wewe ni mgeni, pita!"

"Baba yako anaangalia! Siwezi!"

"Mama ataniua! Pita, nimesema!"

"Tangulia kwanza, nitafuata!"

Kibowen akapunguza mwendo ili Kimosop apite. Kimosop akapunguza zaidi. Kibowen akapunguza tena. Ilipofika mita themanini kutoka mwisho, matumaini mawili ya taifa yalikuwa yanatembea, yakionyeshana mstari wa mwisho kwa mikono miwili, huku uwanja mzima umesimama na kupiga mayowe.

"Wananchi," akasema mtangazaji kwenye vipaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa, "nimetangaza mbio tangu nikiwa na nywele. Sijui hiki ni nini."

Talam naye, aliyekuwa mbali mbele na safari hii amechelewa kutoka, alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye majani, tayari kwenda kwenye soda yake. Kabla hajaweka wa pili akageuka kutazama nyuma. Aliona njia ya mbio tupu, na kwa mbali wanaume wawili wanaokaribishana. Akautazama mguu wake kwenye majani. Akaurudisha. Watu waliokuwa karibu naye wanasema alivuka mstari wa mwisho huku akiomba radhi.

Nyuma yake kundi lote likawapita Kibowen na Kimosop kwa kelele. Wakamaliza pamoja, wa mwisho, wameshikana mikono ili asiwepo wa kutangulia.

Sitaeleza yote yaliyosemwa nyuma ya majukwaa, maana mengine yalisemwa na mama wa kanisa. Mzee Tuitoek alimgeukia mwanawe. "Mimi nilikuwa wa nne kwa kukimbia! Wewe umekuwa wa mwisho kwa kukaribisha!"

"Mama ndiye aliniambia..."

"Usinitaje mimi!" mama akafoka.

"Kijana wetu ameonyesha adabu," Mjomba Chemweno akaanza.

"Adabu? Nchi nzima inangoja medali, ninyi mnaleta adabu? Mzungu akija kwa kona atapishwa pia? Apewe chai?" Mzee akavuta pumzi. "Sikilizeni. Posa hakuna. Kijana arudi kwenu."

Kibowen alikuwa na mke mkononi, mita mia moja tu mbele yake, akamwachilia kwa kuona haya. Akaondoka pale asionekane akilia, akaenda akaegemea ukuta mfupi wa uwanja. Ndipo akasikia kengele, akainua macho: raundi ya mwisho, mita mia nane, wanawake.

Jebiwot alikuwa wa tano, amebanwa ndani, mbele yake wamepangana watatu kama ukuta. Mbele yao wote alikuwa Jerotich, binti wa shangazi yake, aliyekua naye wakila sahani moja. Kibowen akashika ukuta kwa mikono yote miwili.

Jebiwot hakumwomba mtu njia. Aliingiza kiwiko mahali ambapo hata barua isingepita, akafuata na bega, akatokea upande wa pili. Mmoja akapiga kelele ya kulalamika, Jebiwot alishakwenda. Kwenye kona akamfikia Jerotich. Jerotich akageuza kichwa, akamwona ni ndugu, akatabasamu. Jebiwot akampita bila hata kumwambia habari yako.

"Pita! Pita hivyo hivyo!" Kibowen akalia kwa nguvu zake zote, kuliko alivyokimbia. Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda pale, na hakuwahi kujiona mjinga kama pale.

Nyuma ya jukwaa koo mbili zilikuwa bado zinarushiana maneno, mpaka sauti ya mtangazaji, iliyokuwa imefufuka, ikatamka jina la Tuitoek. Mzee akageuka. Akadhani wanamdhihaki. Ikatamkwa tena: Jebiwot Tuitoek, wa kwanza, timu ya taifa.

Alikuja akitembea, soksi zina damu kidogo, bendera mabegani. Mzee akafungua mikono kumpokea. Halafu akakumbuka yeye ni nani.

"Sasa jezi imeingia," akasema. "Kama nilivyosema, mkwe tena wa kazi gani..."

"Jezi ni yangu, Baba," Jebiwot akasema. "Haijaingia kwa boma. Imeingia kwangu. Na habari ya mume niulizeni mimi, mlikuwa mnaulizana wenyewe tu."

Hata Mjomba Chemweno alikosa neno, jambo ambalo halijawahi kutokea tena. Mzee Tuitoek akatoa pini moja kwenye namba iliyokuwa kifuani kwa binti yake, akatoa na nyingine, akaibandika ile namba kwenye koti lake la kanisani. Akaanza kulia waziwazi, bila chai.

"Muulize basi kijana, binti yangu," akasema. "Uliza wewe."

Jebiwot akamgeukia Kibowen.

"Nimeona mbio zako."

"Nisamehe."

"Wazungu hawatanipisha kwa kona. Nahitaji mtu wa kunivuta mazoezini, awe mbele yangu mita mia sita bila kugeuka. Jumatatu, barabara ya kambini. Siku nitakayokukuta umepisha mtu, awe kaka yangu, awe baba, awe ng'ombe, usikanyage tena kwetu. Unaweza?"

Kibowen akageuka. Akamtazama Mjomba. Akamtazama Mzee. Akatazama kama kuna mkubwa anayepaswa kujibu kabla yake.

"Mbona umesimama?" Jebiwot akasema.

Akakimbia, akamtangulia bila kugeuka.