Picha Isiyoonekana

Kwa wiki tatu Obura aliwaonyesha majirani zake picha ya kumfukuza yeye mwenyewe, na hakujua.

Aligundua Jumanne asubuhi, ukumbi wake wa video pale Suneka ukiwa mtupu. Alikuwa akijaribu spika. Aliposimamisha sinema, ukutani pakatokea nyumba inayowaka na maneno mekundu: WATU WA ZIWA WARUDI KWAO. Chini, uso wa mheshimiwa anayegombea kiti, akitabasamu. Akaiacha sinema iende, picha ikapita kabla jicho halijaikamata. Akarudisha nyuma kidogo kidogo, ikarudi. Aliikuta mara arobaini.

Diski ya sinema ile aliletewa bure na Nyamongo, mtu wa kampeni ya mheshimiwa. Akampigia simu. Nyamongo akaja akitafuna muwa.

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Kwa sababu umesimamisha. Nani alikutuma usimamishe?"

"Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Ziwa. Nina mke, nina mtoto."

"Na kila jioni nani anabonyeza? Mheshimiwa?" Nyamongo akatema makapi sakafuni. "Nenda polisi basi, mtu wa samaki. Waambie umechochea watu wakufukuze. Leseni yako inaisha lini vile?"

"Mwezi huu."

"Onyesha mpaka Jumamosi."

Obura akaonyesha. Alisimama kando akizitazama nyuso za watu. Walicheka palepale walipocheka siku zote. Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomtisha.

Alhamisi, Mokeira muuza uji, jirani yake kwa miaka kumi na mmoja, alisita mlangoni akitoka.

"Baba Mitchell, kwani kwenu hasa ni wapi?"

"Si unajua, mama? Homa Bay."

"Eeh." Akakunja uso. "Hata sijui nimeuliza kwa nini."

Usiku huo Obura hakulala. Ijumaa aliitupa diski ile chooni, akaonyesha mpira.

Jumamosi saa tisa mchana wakaja vijana wenye petroli. Nyamongo hakuwamo. Waliokuwamo Obura aliwajua kwa viti walivyozoea kukalia.

Kituoni, askari aliandika chanzo cha moto: hitilafu ya umeme.

Viti hamsini na viwili. Spika mbili. Projekta. Mabati ishirini. Meno mawili ya Pam, mkewe, aliyeng'ang'ania mlango. Na mtoto wao Mitchell, mwenye miaka saba, hajatamka neno mpaka leo.