Sarafu ya Floribert na Majivu ya Delphine

Adolphine alirudi na jamaa na marafiki kutoka misa ya siku arobaini ya bwana wake Floribert, akakuta karai mbili nyuma ya nyumba, pale mtaa wa Hewa Bora. Ya kwanza ilikuwa na kofia, saa ya mkono na buti za kazi ya reli. Kwao vitu vya marehemu vinaoshwa kwanza, ndipo vinagawanywa. Kwenye karai ya pili alichuchumaa Delphine, dada mkubwa wa marehemu, anasugua kitu kidogo kwa majivu na ndimu, namna wanavyosugua sufuria za shaba. Pembeni yake kulikuwa na mchi na vipande vya plastiki.

“Yaya, unafanya nini?” Adolphine akauliza; ndivyo wanavyomwita dada mkubwa.

“Minasafisha feza ya ndugu yangu. Angalia, inawaka! Mulikuwa munaifungia mu plastiki sawa biskuti.”

Ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Katanga ya 1961, ndizi upande mmoja, msalaba upande mwingine. Floribert alikusanya sarafu maisha yake yote, lakini ya dhahabu ilikuwa hiyo tu. Aliituma Ulaya kwa wataalamu. Wakaichunguza, wakaifungia ndani ya kiboksi kigumu cha plastiki, wakaandika alama ya ubora: 66 juu ya 70, alama inayopotea sarafu ikisuguliwa. Aliingoja miezi kumi na moja. Siku iliporudi, alivaa koti kwanza ndipo akaipokea. Karibu na kufa alimshika Adolphine mkono: “Isifunguliwe. Ikae hivi kwa mjukuu wetu Plamedie.” Adolphine akaapa.

Sasa aliinamia karai kwa hasira.

“Majivu ya makala, Yaya! Juu ya dhahabu! Iko mikono ao iko musumeno?”

“Unanitukana mbele ya bantu? Kintu ya mufu inaoshwa!”

“Ungeosha plastiki yake! Nani alikuambia uvunje?”

Paulin, rafiki wa Floribert na mkusanyaji mwenzake, aliomba sarafu. Akatoa kioo chake cha kukuzia, akaigeuza mara tatu.

“Mikwaruzo tupu, Mama Adolphine. Hata tuirudishe kule, bataandika tu kama ilisafishwa. Alama haitarudia.”

Delphine akacheka. “Bataandika iko safi, na munalia?”

Hakuna aliyemfuata kucheka. Adolphine aliinama, akaokota vipande vyote, hata kile cha karatasi yenye 66, akavifunga pamoja na sarafu kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akamwita Plamedie, akamwekea mikononi.

“Hii iko yako. Siku batakuuliza nani aliiharibu, utataja jina.”

Ikafika saa ya kugawanya. Dada mkubwa ndiye huchagua wa kwanza, na Delphine alikuwa ameshanyoosha kidole kwenye redio ya marehemu.

“Apana,” Adolphine akasema, akamgeukia mdogo wa marehemu. “Mwenze, chagua wewe.”

“Unanifukuza juu ya feza moja?”

“Sikufukuzi. Bukari iko mezani, kula ushibe. Lakini kintu ya Floribert hautashika tena.”

Akabeba karai ya majivu mwenyewe, akaimwaga nje ya lango.