Waliorudi kwa Ajili ya Mtu Mmoja

Ukutani palibaki msumari mtupu, na ndani ya beseni la kuoshea vyombo palikuwa na matone ya rangi nyeupe. Sikuhitaji kuuliza. Kofia ya mgodini ya marehemu mume wangu, ile ya njano yenye ufa upande wa kushoto, iliyoning'inia pale tangu Nono akiwa darasa la pili, ilikuwa imetwaliwa na kupakwa rangi. Nilimjua aliyeitwaa na nilijua alikoipeleka. Nikafunga kitambaa kichwani, nikatoka bila hata kufunga dirisha.

Nono ni binti yangu wa pekee. Anasoma sheria chuo kikuu, huko Kasapa, na hilo lingetosha kumfanya mama yeyote atembee kifua mbele. Lakini kila Jumapili baada ya misa, mwanasheria huyo mtarajiwa hukutana na wenzake wanaojiita Cercle ya Nyota, watu wazima wenye ndevu zao, kujivika karatasi za kung'aa na kutazama filamu za vyombo vya angani. Wanasalimiana kwa vidole vitatu. Wanabishana juu ya injini ambayo hakuna aliyeiunda, kwa ukali wa ndugu wanaogombea urithi, huku kwao umeme unakatika kabla chai haijachemka. Nilimwambia Nono siku moja kwamba nyota huhesabiwa na watu wenye paa zima. Akanijibu kwamba mwenye paa lenye matundu ndiye anayeziona vizuri. Ulimi huo ameurithi kwangu, sina wa kumlaumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Sina ugomvi na hadithi. Sungura na fisi nimewasimulia hadi sauti ikakauka. Ugomvi wangu ulikuwa na kule kutazama juu. Mji wetu umejengwa juu ya mashimo ya migodi, kila ukoo hapa una mtu aliyeshuka, na wao wanatazama juu.

Mukuka, mume wangu, alishuka asubuhi moja akiwa na kofia mpya waliyompa kazini, ile ya zamani akaiacha nyumbani. Njia ya chini ikaporomoka, naye hakupanda tena. Wakubwa wa kampuni wakasema hakuna aliyepona, wakaziba mdomo wa shimo kwa zege. Tukafanya kilio bila maiti, tukalala chini kwenye mikeka tukiwa hatuna wa kumzika. Kila aliyeingia kunipa mkono alisema neno lilelile: Mukuka iko mbinguni. Mchungaji alilisema, mawifi walilisema, hata yule bwana wa kampuni mwenye tai alilisema. Nikalichukia neno hilo kuliko tusi.

Maana kabla matanga hayajaisha, Jeannot aliyefanya naye kazi alinivuta nyuma ya jiko, akaniambia kwa kunong'ona kwamba walikuwa wamemsikia. Alikuwa akigonga kwenye bomba la hewa. Waliokuwa juu wote walisikia, wakaenda kuwaambia wakubwa, na zege likamiminwa. Jeannot alilia, akaniomba nisimtaje, ana watoto. Sikumtaja. Nono sikumwambia pia, kwa kuwa mtoto hawezi kulala na habari ya namna ile. Akakua, na mimi nikaendelea kunyamaza, nikiwa na hasira isiyo na pa kuitupa. Waliosema hasira ni hasara hawakuwahi kuomboleza mtu waliyejua anagonga.

Basi niliingia katika ukumbi wao karibu na kampasi nikiwa tayari kumzaba binti yangu kofi mbele ya nyota zote. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa nailoni nyeusi, ingawa nje jua lilikuwa kali. Siku hiyo walikuwa wamewaalika na watu wa mtaani, mabenchi yamejaa akina mama na watoto wao. Nono nilimwona mbele kabisa, amevaa mfuko wa karatasi ya rangi ya fedha kuanzia shingoni hadi magotini, na kichwani ile kofia, nyeupe pe. Nikataka kupita. Mwanamke mmoja akanishika sketi.

"Mama, ikala basi. Unatuziba."

Nikakaa kungojea taa ziwashwe.

Filamu ilikuwa ya Kifaransa, na kando ya kitambaa cheupe cha kuoneshea picha alisimama kijana aitwaye Précieux na kipaza sauti, akiitia katika Kiswahili cha kwetu. Alikuwa na bidii kupita maarifa. Kila waliposema anga, yeye alisema mbinguni. "Sasa kapteni anapeleka mutoka yake mbinguni!" akapiga kelele, chombo kikawa motokaa, na akina mama wa nyuma wakaitikia "Amina!" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisaga meno.

Kapteni mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye mvi, mwenye mdomo, asiyemwogopa mtu. Chombo chake kilikuwa kinakwenda kuchimba barafu katika mwezi wa mbali. Upuuzi mtupu, nilijisemea; nani anasafiri mwendo wote huo kufuata barafu? Kisha chombo kikaingia katikati ya mawe makubwa yanayoelea, kapteni akakipitisha kiubavu huku akimtukana dereva, na nikajikuta nimeshika kitu kwa nguvu zote.

"Mama," jirani yangu akasema, "ni goti yangu."

Nikaliachia. Baadaye kidogo nikagundua kwamba karanga nilizokuwa nikitafuna zilikuwa zake pia. Akausogeza mfuko katikati yetu. Nakiri ilikuwa tamu, hadithi ile. Kulikuwa na mpishi aliyepika kitu cha kijani ambacho hakuna aliyetaka kukila, nikacheka hadi machozi. Kapteni alipomwambia mkubwa wake kwa redio, "Kama unajua sana, kuya uendeshe weye," nilipiga makofi pamoja na wote. Nilikuwa nimesahau nilichokifuata.

Ndipo kisima cha barafu kikaporomoka, na fundi mmoja akabaki chini.

Wenye mali wakapiga redio. Précieux akakaza sauti, akaiga uzito wa wakubwa: "Mufunge ile shimo. Mubebe mali, muondoke. Mutu moya haiwezi kutucheleweshea kazi." Nikainuka nusu nitoke, jirani yangu akanivuta chini. Kwenye kitambaa chombo kilikwisha kuanza kunyanyuka, na kijana mmoja wa ndani alikuwa ameweka sikio kwenye mpira wa hewa ulioshuka kisimani. Akainua kidole. Ukumbi mzima ukanyamaza, na sisi sote tukasikia.

"Anagonga!" Précieux akalia, akisahau kuiga sauti ya mtu. "Bantu, iko muzima! Iko anagonga!"

Kapteni aliutazama mpira ule. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio, wakubwa wakiwa katikati ya sentensi. "Tunarudia," akasema.

Sijui nilisimama lini. Najua tu kwamba nilikuwa juu ya benchi, kitambaa cha kichwa kimeanguka, napiga kelele ambazo sijawahi kuwaruhusu wanafunzi wangu wazipige. "Rudia! Rudia, mama! Chimba!" Nao wakarudi. Wakachoma mafuta yote, wakatupa barafu yote, wakachimba kwa mashine, mashine zikavunjika, wakachimba kwa vyuma na mikono. Walipomtoa yule fundi akiwa hai, uso wake umeganda kwa barafu, jirani yangu alinikumbatia na tukarukaruka. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja kwa miaka mingi, na ndani ya furaha ile nilikuwa na hasira kiasi cha kutoona mbele. Kumbe lilikuwa jambo jepesi hivyo. Mtu anazima redio, basi.

Taa zikawashwa. Mimi nilifikiri watu wangekwenda nyumbani wakilia, lakini Cercle ya Nyota hawakubali kuondoka bila mjadala. Akasimama kijana mmoja mwembamba, Raoul, mwenye miwani na shati la mistari ya fedha.

"Film ni muzuri," akasema, "mais kuko kosa. Carburant ile, mafuta ya chombo, haiwezi kutosha. Kisha, hakuna kampuni inaweza kurudia ju ya muntu moya. Banapiga calcul: hapa muntu moya, hapa bantu yote na mali. Donc, scientifiquement, kapteni alipashwa kufunga shimo."

Wenzake wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mmoja akajiandaa kumjibu habari za injini.

"Weye," nikasema. Nilikuwa bado juu ya benchi.

Raoul akageuka. "Mama?"

"Ulisikia anagonga?"

"Mama, ni film tu."

"Nimekuuliza, ulisikia ao hukusikia?"

Akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia. "Nilisikia."

"Bon. Kama ulisikia, calcul imekwisha." Nikamnyooshea kidole. "Nani alikufundisha hesabu ile? Mimi ninafundisha hesabu, hiyo siijui. Baba ya huyu mutoto alikuwa anagonga. Unasikia? Huyu, Nono wenu. Baba yake alikuwa anagonga ku tuyau ya hewa, balimusikia, balimumwangia beton. Na balikuwa bantu ya calcul sawa weye!"

Raoul alivua miwani yake, akaishika tu. Précieux, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kipaza sauti na amezoea kujaza kimya, akaanza, "Pole sana, mama. Papa iko..." Akakwama. Alilitafuta neno, na neno lenyewe alikuwa amelitumia mchana kutwa, amepitisha vyombo na mawe ndani yake. Akakiweka kipaza sauti mezani taratibu.

Nilishuka kwenye benchi. Nono alikuwa amekuja mbele yangu, kofia mkononi, rangi nyeupe imemganda kwenye vidole. Nilikuwa nimekuja kuidai kofia ile na kumpiga. Sasa niliitazama, nikaona ule ufa haukupakwa rangi. Alikuwa ameuzunguka kwa brashi, taratibu, akauacha na njano yake. Sikuidai.

Tulitoka pamoja. Nje jua lilituchoma macho. Watu wa barabarani walimcheka Nono kwa mavazi yake ya fedha, mwenye pikipiki mmoja akamwuliza kama anarudi mwezini, naye hakusikia. Nilingoja alie. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumbembeleza, ya kumweleza kwa nini mama hunyamaza.

"Nani alisikia?" akaniuliza.

"Nono..."

"Anagonga, balimusikia. Nani?"

"Jeannot. Ule alikuwa anatumika kazi na baba yako. Aliniomba nisimutaje."

"Iko muzima?"

"Iko. Iko anaikala Naviundu, pembeni ya muto."

"Na bengine? Bale balitoa ordre ya kufunga shimo?"

"Ni Jeannot njo anabajua."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa mutoto."

"Na kisha?"

Nikamkasirikia kwa kuuliza. Nikamwambia ni Jumapili, watu wanapumzika. Nikamwambia Jeannot ana watoto, ana hofu zake, jambo hili linataka busara. Nikamwambia twende kwanza nyumbani, avue yale makaratasi, ale bukari, anawe uso, kesho tutaona.

"Kesho?" akasema.

Hakupandisha sauti. Aliniangalia tu, na nikaliona jicho lile. Nililijua, kwa kuwa nilikuwa nikikutana nalo kwenye kioo kila asubuhi. Kisha akageuka, akashika njia ya Naviundu, mfuko wake wa fedha ukipiga kelele kila anapoinua mguu.

Hasira ile nilikuwa nimeiweka peke yangu, nikidhani nitazikwa nayo. Sasa ilikuwa inatembea mbele yangu barabarani, na hatua zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.

Nikaongeza mwendo.