Waliokula Darini

Saa tisa alasiri, siku moja baada ya meli ya Lady Isolda kuondoka Southampton kwenda Norwei, foleni ya pasi kwenye chumba cha kufulia nguo ilikuwa imefika mlangoni, na Avril Stubbs alikuwa wa nne. Alikuwa amebeba gauni la kijani lililojaa vibati vya kumetameta, amelifunika kwa mfuko wa nailoni kama mtoto anayekingwa upepo. Jioni hiyo ilikuwa ya kwanza kati ya jioni mbili za suti nyeusi. Kuanzia saa kumi na mbili, mwanamume asiye na koti jeusi na tai ya kipepeo, na mwanamke asiye na gauni na viatu vya kufunika, hakuruhusiwa kukanyaga ukumbi mkubwa wa chakula. Asiyevaa hivyo alipanda sitaha ya juu kwenye bafe, akajipakulia mwenyewe.

Katika chumba kile maoni yalikuwa mengi kuliko nguo.

"Mimi nasema wakaze zaidi," alisema Bibi Pomfret, mjane wa daktari wa meno, huku akipiga pasi kitambaa cha hariri. "Safari ya Madeira mtu kaingia na kaptura. Magoti yale! Supu ilinishinda."

"Magoti yana kosa gani, mama?" alidakia mzee mmoja mnene aliyeshika shati lenye picha za kasuku. "Nimekuja likizo, sikuja kuoa."

"Basi kale na wenye magoti wenzako."

Watu wakaangua kicheko. Avril naye alicheka, ila cheko lake liliishia kooni.

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na zaidi katika kiwanda cha samaki cha Grimsby, amevaa gambuti, koti jeupe la kazi na wavu wa nywele, akiwapasua samaki wa watu wengine. Mumewe, Neville, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mazishi ya mji uleule. Kila asubuhi alivaa suti nyeusi na tai nyeusi, akabeba majeneza kwa bega la kulia, na karibu nusu ya wazee wa Grimsby walikuwa wamepita juu ya bega hilo. Siku alipostaafu alizipeleka suti zote kwenye duka la mitumba ya hisani, akarudi nyumbani na fulana. Tangu hapo shingo yake haikuona tai.

Avril alipoingia chumbani na gauni lake lililonyooka, alimkuta Neville kitandani, amevaa sweta lake la vifungo, rangi ya haradali.

"Jioni moja tu, Nev. Dukani hapa wanakodisha makoti."

"Avril, nguo ile nimewavalia maiti ujana wangu wote. Leo niwavalie kamba wa baharini wa kwenye glasi?"

"Si kamba. Mimi."

"Wewe nakupenda na gambuti zako. Sijawahi kuzichoka."

"Mimi nimezichoka," alisema Avril.

Akaingia bafuni, akafunga mlango, akavaa. Alipotoka, Neville aliketi wima kitandani. Avril alikuwa amevaa akavalika. Lakini saa moja ilipofika mmoja akashika ngazi za kushuka na mwingine akashika za kupanda.

Bwana Fernandes, msimamizi wa ukumbi, mtu wa Goa mwenye sauti ya upole, alimkaribisha Avril kwenye meza aliyopangiwa pamoja na Bibi Pomfret na Desmond Achurch, mwalimu mstaafu wa kemia. Viti viwili vilikuwa vitupu: kimoja pembeni ya Avril, kingine pembeni ya Desmond.

"Bwana Stubbs anaumwa?" aliuliza Bibi Pomfret.

"Haumwi. Anakula juu."

"Maskini. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya sweta."

Desmond alikohoa. "Mke wangu yuko hukohuko. Miguu yake imevimba, haiingii kiatu ila kandambili. Tulimwonyesha msimamizi barua ya daktari."

"Na akasema?"

"Akasikitika sana."

Wakala kamba, wakala nyama ya kondoo. Ukumbi ulikuwa unang'aa, wanaume wote wamefanana kama vitufe vya piano, wanawake wakimeremeta kila rangi. Avril aliona raha ya kweli, asingeweza kuikana. Alipenda uzito wa vibati vile, alipenda namna mhudumu alivyomvutia kiti. Kabla ya vitamutamu bendi ilianza wimbo wa polepole, ule wa kushikana viuno. Watu wakasimama wawili wawili. Avril akaona haiwezekani gauni lile limalize jioni limekaa. Alinyanyuka kitini, na hakuishia kwenye kunyanyuka.

Alipaa, akaiacha meza chini, akaipita taa kubwa ya vioo, na alipokaribia juu akageuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, akatua kwa viatu vyake kwenye dari. Gauni halikumwangukia usoni. Lilimfuata, likatulia kwenye vifundo vya miguu kama lilivyokuwa chini.

"Afadhali pindo limetulia," alisema Bibi Pomfret. "Ningeona aibu kwa niaba yake."

Bwana Fernandes alikuja akasimama chini yake, akamkagua kuanzia kichwani, kulikokuwa chini, hadi viatuni, kulikokuwa juu. Hakuona kosa lolote la mavazi. Alimwomba tu, kwa heshima zote, asiikanyage taa.

Avril akaanza kucheza peke yake, mikono imeshika hewa.

Juu ya dari ile palikuwa na sakafu ya bafe. Neville alikuwa amekaa pembeni na sahani ya soseji na viazi vya kuponda, hana hamu. Ghafla akahisi kitu kwenye nyayo. Hatua mbili nyepesi, moja nzito. Mbili nyepesi, moja nzito. Mkewe alipasuliwa goti la kushoto mwaka juzi, na tangu hapo mguu huo ulikuwa unatua kabla ya mwenyewe kuuambia. Neville aliijua hatua ile kutoka jikoni, kutoka barazani, kutoka chumba cha juu nyumbani alipokuwa akimsikia anatandika kitanda. Akaweka uma chini. Akasimama, akautafuta mguu wa mkewe kwa mguu wake, akaupata karibu na mashine ya kahawa.

Wakacheza. Mkewe alipokwenda naye alikwenda, alipogeuka naye akageuka, kisigino kwa kisigino, na kati yao zulia, mbao, mabomba na nyaya za umeme.

"Unacheza na nani, babu?" aliuliza yule mzee wa shati la kasuku.

"Mke wangu."

Mzee akatazama sakafu, akatikisa kichwa. "Ana mahadhi," akasema, akavuta meza yake kando kuwapisha.

Wimbo ulipokwisha Avril alishuka polepole, akaketi, akala vitamutamu vyake. Alipofika chumbani Neville alikuwa ameshavua viatu na anajikanda vidole.

"Ulinikanyaga," alisema Neville.

"Nilikukanyaga mimi? Wewe ndiye uliyekuwa unaburuta miguu kama uko makaburini."

"Miguu ina mazoea yake, mke wangu."

Avril akacheka, safari hii hadi mwisho wa cheko. Akaketi kitandani na gauni lake, akamsogezea miguu, naye Neville akaikanda pia.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Meli iliingia kati ya milima, maporomoko yakashuka pande zote, na wao wawili wakakaa kwenye sitaha na blanketi moja na chai kwenye chupa, wakibishana kama ule mnyama kule ni mbuzi au jiwe. Lilikuwa jiwe. Habari ya Avril ilishaenea. Kwenye chumba cha kufulia watu waligawanyika. Wengine walisema ni jambo zuri, lakini lingewekewa utaratibu. Wengine walisema safari za zamani mtu alikaa kwenye kiti chake. Kila mmoja alikuwa na neno, na foleni ya pasi ikawa ndefu zaidi.

Jioni ya pili ya suti nyeusi ilipokaribia, Avril alimfuata Bwana Fernandes mlangoni pa ukumbi.

"Kaka, mume wangu akija na sweta lake, lakini akakaa darini, si halitamgusa mtu?"

Bwana Fernandes alimwangalia kwa huruma. Alikwenda kuuliza kwa wakubwa, akarudi.

"Bibi Stubbs, wamesema dari ni sehemu ya ukumbi."

Neville aliposikia hayo alivaa viatu. Alitoka, akakaa kitambo, akarudi na mfuko wa dukani. Akaingia bafuni. Alipotoka alikuwa amevaa koti jeusi, shati jeupe na tai ya kipepeo, vyote vya kukodi, vyote saizi yake.

"Basi," alisema. "Twende."

Avril alimtazama. Mikono ya Neville ilikuwa imeshikana mbele, kulia juu ya kushoto. Bega la kulia lilikuwa limeshuka. Uso ulikuwa umetulia kama maji ya ndoo, na macho yakiangalia mahali fulani juu kidogo ya kichwa cha mkewe, ambako huangalia watu wanaongoja wafiwa wamalize kulia. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, hatua ndefu za polepole, na Avril akajikuta anamfuata nyuma kwa mwendo uleule.

"Simama," alisema. "Vua."

"Nimekuvalia wewe."

"Najua. Ahsante. Vua, Nev, unaonekana kama umekuja kunichukua."

Neville alijitazama kwenye kioo, akaona ni kweli. Alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, mpaka ikabidi Avril amsaidie kuifungua tai. Koti likabaki kitandani, limenyooka, mikono ubavuni. Mzee akavaa sweta lake la haradali, akapaka mate nywele, akambusu mkewe shingoni.

"Tukutane saa mbili," alisema. "Karibu na mashine ya kahawa."

"Usichelewe. Na usile vitunguu."

"Utavisikiaje, na wewe uko chini ya sakafu?"

Jioni hiyo Avril alipaa kabla hata ya nyama kufika. Hakupaa peke yake. Desmond Achurch alikuwa anakata mkate alipoanza kuachana na kiti. Akakikunja kitambaa chake cha kufutia mdomo kwa adabu, akapanda na suti yake, akatua karibu na kona ambayo juu yake mkewe alikuwa amekaa na kandambili zake. Kutoka meza ya dirishani akapanda mwanamke wa makamo ambaye mume wake hakuwa na koti linalomtosha. Kutoka nyuma wakapanda madada wawili ambao mama yao alikataa katakata kuvaa sidiria tena maishani. Hadi bendi ilipokolea, dari ilikuwa na watu zaidi ya kumi, na chini viti vyao vilionekana wazi, kila kimoja pembeni ya kiti kingine kilichokuwa kitupu toka mwanzo. Hakuna aliyejua kuwa walikuwa wengi hivyo.

"Wote hawa?" aliuliza Bibi Pomfret, kijiko mkononi.

"Wote, bibi," alijibu Bwana Fernandes.

Bibi Pomfret alikiweka kijiko mezani. "Basi wapelekewe supu," alisema. "Itapoa."

Wahudumu walipanda ngazi za mafundi na mabakuli. Nusu ya njia supu ilikuwa inabadili mawazo na kulala upande wa pili, kwa hiyo waliyageuza mabakuli mapema, na hawakumwaga hata tone. Huko juu kwenye bafe meza zilisukumwa ukutani. Watu wa sweta, wa kandambili na wa kasuku walisimama, wakatafutana miguu na wa kwao, na sakafu nzima ikawa inadunda kama moyo. Mke wa Desmond alicheza ameketi. Walicheza mpaka jasho likawatoka, na waliochoka walilaza shavu kwenye zulia, wakacheka na waliokuwa upande wa pili.

Kabla meli haijarudi Southampton, kila chumba kilisukumiwa tangazo chini ya mlango. Kampuni iliwashukuru wageni kwa jioni iliyofana sana. Iliahidi kwamba safari zijazo zitakuwa na meza zilizofungwa kwenye dari, zenye vitambaa vyeupe na maua, kwa wanaozihitaji. Na kwa ajili ya kulinda hadhi ya ukumbi, iliwakumbusha wageni wote kuwa wanaokula darini nao watavaa koti jeusi na tai ya kipepeo, au gauni na viatu vya kufunika.

Mwaka uliofuata Avril na Neville walisafiri tena na Lady Isolda. Meza za darini zilijaa. Kwenye bafe, mgeni mmoja kijana aliyekuwa amefika na jinzi yake, akafukuzwa kwenye ukumbi wa chini na bado amekasirika, alimkuta mzee wa sweta la haradali anazunguka taratibu katikati ya sakafu, mkono mmoja mgongoni.

"Mzee, uko peke yako?" aliuliza.

"Hapana," alisema Neville, akapunguza hatua kidogo, mguu wake ukingoja wa kushoto uliokuwa unakuja chini ya zulia. "Niko na mke wangu."