Godoro la Profesa

Profesa akisema mtihani ameutafuna, mama yake alijua umemtafuna yeye. Jina hilo alilipata nyumbani kwa sababu ya mdomo, si vyeti. Muhula uliopita alijigamba kwamba ile programu ya kompyuta ya hesabu za biashara ameimeza yote. Akaanguka. Likizo ikaishia chuoni kwenye marudio, na godoro ambalo mama alimwanikia likarudishwa chumbani bila kulaliwa.

Safari hii, baada ya mtihani, alipiga simu akiwa mpole.

"Sijui, mama. Kuna fomula niliielekeza safu isiyo yake, faida ikatoka kubwa ajabu. Nimerekebisha, ila chati sikuimaliza. Mwalimu alitaka kila mtu aandike alama anazotarajia. Nimeandika sitini na tano."

"Unaumwa?"

"Hapana."

"Mbona hujisifu?"

Akacheka, akaaga.

Mama akasimama na simu mkononi. Anayejua alipokosea hajapotea. Akalitoa godoro, akaliegemeza ukutani na kulipiga fimbo mpaka vumbi likasalimu amri.

"Matokeo hata hayajatoka," binti yake alisema.

"Shika upande huo, acha maneno."

Tangu kijana aondoke, mama alikuwa akijikuta amepakua sahani tatu. Ya tatu alikuwa akiirudisha sufuriani haraka, binti asione. Binti alikuwa akiona.

Matokeo yalipotoka, godoro lilikuwa juani tena.

"Nimefaulu, mama. Sitini na saba."

"Haya. Unakuja lini?"

Profesa akaanzia mbali.

"Mwalimu anasema darasa zima mimi ndiye niliyejipima karibu na ukweli. Kuna walioandika tisini wakaambulia arobaini. Anataka nibaki likizo hii niwasaidie wanaorudia. Si lazima, lakini. Ukisema nije, nakuja."

"Njoo" ilimfika mama kwenye ncha ya ulimi. Akaimeza.

"Baki. Hao ndio wewe wa muhula uliopita, nani atawaelewa zaidi?"

"Mama jamani."

"Na ule vizuri."

Binti alishika upande wake wa godoro bila kuambiwa, wakalirudisha kitandani. Lilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka hapo sasa hivi. Mama akaliwekea kiganja, akakiacha hapo kidogo, kisha akaenda kutafuta shuka safi.

"Si amesema haji?"

"Nimesikia," mama alijibu, akitandika.