Mgeni wa Kila Jumapili

Jumapili ya tarehe tisa Machi, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa tano na dakika kumi asubuhi, kanisa letu la Riruta lilimpa mwanangu Jackton kadi ya ushirika. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu sikuelewa. Mambo yote yaliharibikia hapo.

Jackton ana miaka thelathini na moja. Tangu akiwa na kumi na tisa anasikia watu wakimsema, watu ambao sisi hatuwasikii. Hospitali walimpa tembe, moja asubuhi, mbili jioni, na akimeza anakaa sawa. Anafua nguo, anasonga ugali kunishinda. Shida ni kumeza. Aliyepata njia ya kummezesha ni mama yake, Namalwa.

Tulianza kwenda kanisa hilo miaka minne iliyopita. Kule wageni huambiwa wasimame, waseme jina na wanakotoka. Kanisa lote huwaimbia na kuwapigia makofi, na baada ya ibada hupelekwa chumba cha nyuma wakanywe chai na mandazi. Siku ya kwanza Jackton akasimama. "Naitwa Jackton, nimetoka Riruta, nawasalimu." Wakampigia makofi. Jumapili iliyofuata wageni walipoitwa, akasimama tena. Na iliyofuata. Watu walicheka, halafu wakazoea, mwishowe watoto walikuwa wanasema naye yale maneno. Namalwa akaona mlango. Akamwambia, "Mgeni haji kwa watu kama hajameza. Meza wiki nzima, Jumapili usimame." Akameza miaka minne. Hata wiki tuliyomzika mama yake, Agosti iliyopita, alimeza. Namalwa alikufa kwa presha akingoja kitanda cha hospitali, na wenye kugawa vitanda wao hawakosi vyao, lakini hiyo niiache.

Sisemi wazee wa kanisa ni watu wabaya. Ni watu wa vikao. Mwaka huu walianza kurusha ibada mtandaoni, na watu wa ng'ambo wakawa wanauliza, huyu mgeni wa kila wiki ni nani? Wangejibu tu, ni Jackton. Wakakaa kikao. Mimi baba yake sikuulizwa, na ningeulizwa nini, soja wa geti huko Kileleshwa, shule niliacha darasa la sita. Mwenyekiti wao, Mzee Kiema, anaishi kwenye hizo hizo fleti ninazolinda, ghorofa ya nne. Kanisani ananiita ndugu. Getini ananiita soja.

Wakaamua Jackton afanywe mshirika kamili. Mshirika si mgeni, kwa hivyo hasimami. Kadi ikaandikwa jina, ikatiwa plastiki, na wote wakaenda nyumbani wakijua wamempenda.

Jumapili iliyofuata wageni walipoitwa, Jackton akainuka. Mercyline, yule mama anayewaonyesha watu viti, akamshika bega.

"Jackton, keti. Wewe siku hizi ni mwenyeji."

"Bado sijafika."

"Umefika, si uko na kadi?"

"Kadi chukua."

Mtu nyuma yetu akacheka. Jackton akaketi. Baada ya ibada alienda chumba cha chai, Mercyline akamrudisha mlangoni, akamwambia kwa upole kabisa kwamba chai ni ya wageni.

Jioni hiyo nilimpa tembe zake. Aliziangalia, akazirudisha kwenye kichupa moja moja.

"Za nini, baba? Jumapili sisimami."

"Ndiyo ukae sawa."

"Nikikaa sawa niende wapi?"

Nilimwambia mama yake angeaibika. Neno la mtu aliyechoka. Alinigeuzia mgongo, na tangu siku hiyo hajameza.

Wiki ya tatu akaanza kushuka mjini kwa miguu, mwendo wa saa mbili. Nilimpata nje ya benki moja, amevaa shati la Jumapili, kwenye njia ya watu. "Naitwa Jackton, nimetoka Riruta, nawasalimu." Anasema, anangoja. Watu wanampita wakikumbatia mikoba yao.

"Mzee, huyu ni wako?" akaniuliza jamaa anayeuza soksi. "Tangu asubuhi anasalimia. Mimi nimemjibu mara tatu, sasa mdomo umechoka."

"Ulimpigia makofi?"

"Makofi ya nini?"

Zamu yangu ilikuwa inakaribia, nikampeleka moja kwa moja Kileleshwa, nikamkalisha kwenye kibanda changu. Saa kumi na moja jioni gari la Mzee Kiema likafika. Sikufungua geti. Kwa hilo mtu anaweza kufutwa kazi.

Akashusha kioo. "Soja, kuna nini?"

"Mzee, naomba Jackton arudishwe kuwa mgeni."

Alinitazama mpaka akanikumbuka. "Ndugu yangu, tulimpa heshima. Kuna watu wamengojea hiyo kadi mwaka mzima."

"Wapewe hao."

"Hatuwezi kumtoa mtu ushirika bila kosa."

"Basi aandikiwe kosa. Lolote. Nitaweka sahihi."

Alitaka kucheka, akakohoa. "Nitaliweka kwa kikao. Kile cha robo mwaka."

"Hajameza siku ishirini na mbili, Mzee. Hiyo robo ataifikia akiwa wapi?"

Hapo Jackton akatoka kibandani na kitabu changu, kile ninachowaandikishia wageni wote wanaoingia. Alikuwa amejaza mstari wake kwa mwandiko mzuri, mwandiko wa mama yake. Jina, Jackton. Anakotoka, Riruta. Sehemu ya jina la mwenyeji anayemwendea ilikuwa tupu. Akakipitisha dirishani, akamwekea mzee kalamu mkononi, akainama akamuuliza jambo moja kwa sauti ya chini, ya adabu.

Mzee Kiema aliuangalia ule mstari. Nyuma yake magari mawili yakapiga honi. Akanirudishia kitabu mimi, si Jackton, na nikafungua geti, kwa sababu ndiyo kazi.

Kikao bado. Kitabu kiko mezani hapa kibandani na ule mstari uko vile vile. Jackton huja kuukagua kila siku akirudi kutoka mjini, halafu huniuliza kile alichomuuliza mzee dirishani:

"Sasa mimi ni mgeni wa nani?"